Hewa ya Chumba cha Chini

Wanjira alikuwa mtu wa kuuliza. Pale sokoni Uthiru wauza mboga walimjua. Hakununua fungu la sukuma wiki kabla ya kuuliza limetoka shamba la nani na limenyweshwa maji gani. Hata watoto wa nasari ya kanisa, aliowafundisha kwa miaka mingi, aliwaambukiza tabia hiyo. Wazazi walisema mtoto akitoka kwa Mwalimu Wanjira, nyumbani hakuna kupumzika. Mbona mvua hainyeshi kwenda juu? Kuku anajuaje kwamba yai liko tayari?

Katikati ya mwaka wa 2009 nasari ile ilifungwa. Kanisa lilitaka kujenga ukumbi mahali pale. Wazazi wakamwandama Wanjira kila alikopita. "Mwalimu, mwaka ujao watoto wetu tutawapeleka wapi?"

Wanjira alirudi nyumbani, akashuka ngazi za nje, akafungua chumba cha chini.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Kwa mbele ilionekana kama nyumba yoyote ya mawe. Lakini chini yake palikuwa na chumba kikubwa, kilichochimbwa ndani ya mteremko wenyewe. Ukuta wa nyuma ulishikana na udongo. Mlango na madirisha mawili vilitazama mtoni. Mumewe, Ndegwa, aliweka humo magunia ya mahindi, mbao, na baiskeli isiyokuwa na magurudumu. Pia ndimo alimovutia sigara zake, maana Wanjira hakutaka moshi sebuleni.

"Hapa," Wanjira alimwambia mumewe jioni ile. "Nasari itakuwa hapa."

Ndegwa alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye bidii. Alitazama dari, akatazama kuta. "Kuna baridi," alisema. "Lakini baridi huzibwa."

Na kweli akaiziba. Julai hiyo baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Kila Jumamosi Ndegwa alivaa suruali kuukuu, akashuka na karai la simiti. Aliziba matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha. Akabandika vipande vya mpira kwenye fremu ili upepo usipenye. Sakafu ilikuwa na ufa mrefu, kutoka kona hadi kona. Huo hakuuziba. Aliutandikia zulia la plastiki lenye maua, na chumba kikapendeza.

Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mmoja aliyeitwa Peres. Alifanya kazi katika maabara ya chuo kimoja mjini. Wanjira alimpenda kwa sababu Peres hakuchoka kuulizwa. Jumapili moja, baada ya kanisa, alimwita aje alione darasa.

Peres alilisifu zulia. Aliyasifu madirisha. Kisha akainama, akainua pembe ya zulia, akautazama ufa.

"Mama Debra, hii ufa imekuwa hapa tangu lini?" aliuliza. Debra alikuwa binti wa pekee wa Wanjira na Ndegwa. Wakati huo alikuwa shule ya bweni.

"Tangu tujenge. Kwani nyumba itaanguka?"

"Haianguki. Nauliza kwa sababu ya hewa. Matundu ya juu mmeziba, lakini ya chini mmeacha wazi."

"Ya chini yanaleta baridi?"

"Yanaweza kuleta gesi. Inaitwa radoni."

Ndegwa alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka. "Peres, gesi yangu iko jikoni, ndani ya mtungi. Hii nyingine nani amelipia?"

Peres naye akacheka. "Hii ni ya bure, Baba Debra. Ndiyo maana hakuna mtu anaiuliza."

Wanjira hakucheka. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu. "Hebu nieleze," alisema. "Inatoka wapi?"

"Inatoka ardhini," Peres alisema. "Ndani ya mawe na udongo mna madini yanayoitwa urani. Ni kidogo sana, lakini yako kila mahali duniani. Madini hayo hubadilika polepole. Yakibadilika, hatimaye hutoa gesi ya radoni. Gesi hupanda juu kupitia udongo. Ikitokea shambani, upepo unaibeba na hakuna neno. Lakini ikitokea chini ya nyumba, huingia ndani. Hupitia kwenye nyufa, kando ya mabomba, mahali ukuta unakutana na sakafu."

"Na ikiingia?"

"Kama chumba kimefungwa, inakaa. Inaongezeka. Watu wanaivuta."

"Mbona sijawahi kuinusa?"

"Haina harufu. Haina rangi. Haina ladha. Haikufanyi ukohoe wala kichwa kikuume. Si kama moshi wa jiko la mkaa, ambao unaweza kukuua usiku mmoja. Radoni ni ya polepole. Unaivuta miaka mingi, inaumiza mapafu ndani kwa ndani, na mwishowe inaweza kuleta saratani ya mapafu. Na mtu akivuta sigara pamoja nayo, hatari inakuwa kubwa maradufu na zaidi."

Ndegwa alitoa mkono mfukoni, mahali pakiti yake ilipokuwa.

"Sasa wewe unasema chumba changu kiko nayo?" Wanjira aliuliza.

"Sijasema. Siwezi kujua kwa kuangalia. Nyumba mbili zinaweza kupakana, moja iwe nayo nyingi na nyingine isiwe na kitu. Njia ya kujua ni moja tu, kupima. Pale maabara tunapima nyumba za watu kwa ajili ya utafiti. Ukitaka nitakuletea kipimo."

"Lete," Wanjira alisema, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Kipimo chenyewe kilimshangaza. Alitarajia mashine yenye taa. Peres alimletea kikopo kipana cha bati, mfano wa kile cha rangi ya viatu lakini kikubwa zaidi. Ndani yake mlikuwa na mkaa maalumu.

"Mkaa?" Wanjira aliuliza.

"Mkaa hunasa gesi, kama vile sifongo inavyonyonya maji. Tutakifungua, tutakiacha hapa siku chache, kisha nitakifunga vizuri na kukipeleka maabara. Sasa sikiliza masharti. Kikae juu ya meza, karibu na mahali mtoto anapopumulia. Kisiwe karibu na dirisha wala mlango. Kisiguswe. Madirisha yafungwe tangu leo, hata kabla sijakifungua kesho. Mlango ufunguliwe tu mtu akipita."

"Mbona tufunge, na wewe umesema gesi hukaa mahali palipofungwa?"

"Kwa sababu tunataka kuona hali ikiwa mbaya zaidi ni mbaya kiasi gani. Ukitaka kujua kama paa linavuja, unangoja mvua."

Wanjira alifurahia jibu hilo mpaka akalirudia mara mbili.

Siku zilizofuata alikuwa na shughuli nyingi. Alizunguka Uthiru na Waithaka akizungumza na wazazi. Alikwenda mjini, akanunua chati za herufi na chaki katika maduka ya River Road. Chumba cha chini alimwachia Ndegwa, ambaye alikuwa akimalizia kazi zake. Peres alikuja, akakifunga kikopo, akaenda nacho.

Jibu lilipokuja, lilikuwa zuri. "Arobaini," Peres alisema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Tunapima kwa bekereli, kama vile maziwa hupimwa kwa lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisipite mia moja, na ikishindikana kabisa, kisizidi mia tatu. Arobaini ni kidogo. Nimeshangaa, kusema kweli, kwa chumba kama hicho. Lakini nimefurahi."

Wanjira alipiga vigelegele peke yake uani. Siku hiyo hiyo aliwaambia wazazi: tutafungua Januari.

Jioni walikula nyama na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Ndegwa naye alikuwa na furaha, na furaha ilimfungua ulimi.

"Mimi nilijua tu," alisema. "Yaani hata nilikionea huruma kile kikopo. Kilikaa pale nje peke yake kwenye baraza kama mbuzi aliyefungwa."

Wanjira aliweka kijiko chini. "Pale nje wapi?"

"Kwenye baraza. Nilikuwa napaka rangi. Niliogopa kukimwagia, nikakitoa. Nilikirudisha kabla Peres hajakuja."

"Na madirisha?"

"Mama, ile rangi ina harufu! Nilifungua yote."

Wanjira alimtazama mumewe, naye Ndegwa alianza kuelewa, polepole, kama mtu anayeona maji yakipenya chini ya mlango.

"Kwa hivyo tulipima hewa ya baraza," Wanjira alisema.

"Labda ya ndani ni hivyo hivyo."

"Labda."

"Umeshawaambia wazazi Januari."

"Najua nimewaambia nini."

Wanjira hakumgombeza. Hakuna aliyemweleza Ndegwa masharti ya kikopo. Hilo lilikuwa kosa la Wanjira mwenyewe. Lakini moyoni alikuwa na vita. Jibu zuri alikuwa nalo mkononi. Peres aliliamini. Wazazi waliliamini. Angeweza kunyamaza tu. Alipofikiria hivyo, akawaona watoto wameketi kwenye zulia lile la maua, wakivuta pumzi kubwa ili waimbe. Watoto huvuta hewa nyingi, hasa wakiimba. Mmoja wao angeuliza, kama alivyowafundisha: Mwalimu, hii hewa ni nzuri? Angemjibu nini?

Alisimama, akavaa viatu, akaenda kugonga kwa Peres.

Peres alisikiliza yote. Hakukasirika. "Afadhali umekuja," alisema. "Kipimo kilichoharibika ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa sababu kinakulaza usingizi."

Walipima upya. Safari hii Ndegwa mwenyewe aliandika kwa chaki mlangoni: USIFUNGUE MADIRISHA. Kisha akahamishia sigara zake chini ya mti wa parachichi, mbali na nyumba. Peres aliweka kikopo kingine sebuleni, juu, ili wajue hali ya nyumba nzima.

Wanjira hakuweza kungoja nyumbani. Siku ya jibu alikwenda mwenyewe maabara. Peres alimpeleka kwenye chumba chenye sanduku zito la madini ya risasi, yanayozuia mionzi ya nje. Kikopo cha sebuleni kilikuwa kimeshahesabiwa; akaweka ndani kile cha chumba cha chini, akafunga kifuniko. Kwenye kioo cha kompyuta nukta zikaanza kujitokeza, moja moja, kisha nyingi, zikijenga kitu kama vilima.

"Kila nukta ni nini?" Wanjira alinong'ona.

"Ni mnururisho, yaani mionzi, kutoka kwa vile vitu ambavyo radoni hugeuka kuwa, ndani ya mkaa wako. Huwezi kuuona kwa macho. Mashine inauhesabu."

Wanjira alisogea karibu. Kwa muda alisahau kilichomleta. Alitazama vilima vile vikikua, akastaajabu kwamba kitu kilichokuwa chini ya miguu yake miaka yote kilikuwa na umbo, na kwamba leo amekiona.

Kisha Peres akapiga hesabu, na uso wake ukabadilika.

"Juu sebuleni ni sitini. Hapo hakuna shida. Lakini chumba cha chini, Mama Debra, ni mia tano na themanini."

Wanjira alimgeukia. "Ndegwa amekuwa akivutia sigara mle ndani kwa miaka."

"Mwambie aache. Sigara, namaanisha. Hilo ndilo la kwanza, na halihitaji fundi. Lakini msiogope. Mlikuwa mnaingia na kutoka. Hakuna aliyelala humo. Na usisahau, hii shida inarekebishika."

Siku hizo magazeti hayakuandika habari za radoni, na wazazi walipoitwa mkutano walidhani ni habari ya karo. Wanjira aliwaeleza yote bila kuficha, hata habari ya kikopo cha barazani. Aliwaambia nasari haitafunguliwa Januari. Itafunguliwa chumba kikiwa salama.

Baba mmoja aliyeitwa Kitonga, muuza vipuri vya magari aliyeishi Waithaka, alisimama. "Mwalimu, sisi tumekulia kwenye nyumba za udongo, tukalala sakafuni. Nani alipima? Mimi siwezi kungoja. Nitampeleka mtoto wangu kwingine."

"Ni haki yako, Baba Mwende," Wanjira alisema. "Lakini mimi siwezi kujifanya sijui, na najua."

Kitonga aliondoka, na wengine wawili wakamfuata.

Fundi aliyekuja alikuwa Jamleck, binamu ya Ndegwa. Hakuwahi kufanya kazi ya namna hiyo. Peres alimchorea mchoro mchangani kwa kijiti, nao wakabishana mpaka wakaelewana.

"Kwa nini tusizibe ufa tu, basi?" Jamleck aliuliza.

"Tutauziba," Peres alisema. "Na pale bomba la maji linapoingia, na pale ukuta unapokutana na sakafu. Lakini kuziba peke yake hakutoshi. Gesi itatafuta njia nyingine. Dawa ni kuivuta kabla haijaingia."

Basi Jamleck alitoboa shimo kwenye kona ya sakafu. Akachimba udongo chini yake, akajaza kokoto pakawa na nafasi ya hewa. Akasimamisha bomba la plastiki kutoka shimoni, akalitoa nje kupitia ukutani, akalipandisha mpaka juu ya paa, mbali na madirisha. Nje ukutani, kwenye bomba, akafunga feni ndogo ya kuvuta. Nyufa zote zilizibwa, na kandokando ya bomba pia. Ndegwa naye alipanda ngazi na patasi, akazibua matundu ya hewa aliyoyaziba mwenyewe. Wanjira alimsikia akiguna.

"Tutajuaje kama inavuta mpaka kule mwisho?" Wanjira aliuliza.

Peres alitabasamu. Alimwomba Jamleck atoboe kitundu kidogo, chembamba kama kidole, kwenye kona ya mbali. Kisha akamgeukia Ndegwa. "Baba Debra, leo sigara yako itafanya kazi ya maana. Washa moja."

Ndegwa aliwasha. Peres aliichukua, akaishika karibu na kitundu. Feni ikawashwa. Moshi uliokuwa ukipanda ulisitasita. Kisha ukapinda, ukashuka chini, ukaingia sakafuni kama uzi unaovutwa na mtu aliye upande wa pili.

"Ngai! Mungu wangu!" Jamleck alisema.

Wote wanne walipiga magoti wakatazama. Wanjira aliomba waone tena, na tena, mpaka sigara ikaisha. Ndegwa aliutazama moshi ule kwa muda mrefu. "Yaani hivyo ndivyo inavyoingia hata kwangu," alisema, akijigusa kifua. Wiki ile alipunguza. Baadaye akaacha, akarudia, akaacha tena, na safari hiyo ya pili akashikilia.

Kitundu kilizibwa, na chumba kikapimwa tena kwa masharti yale yale. Jibu likawa sabini. Peres hakuridhika na hilo pekee. Alisema kipimo cha siku chache ni kama kuonja chumvi mara moja. Hewa hubadilika na majira. Akaweka darini kipimo kingine, kidude cha plastiki ambacho hukaa miezi kadhaa. Akawafundisha pia: umeme ukikatika na feni ikasimama, fungueni madirisha na mlango mpaka urudi. Na sauti ya feni ikinyamaza, msikae kimya nayo.

Nasari ilifunguliwa Februari. Watoto hawakujaa siku ya kwanza, lakini waliokuja walitosha kupiga kelele. Swali lao la kwanza lilikuwa juu ya bomba. Je, ni la nyoka? Ni la maji? Wanjira aliwaambia ni pua ya nyumba, inapiga chafya juu ya paa, na kwa wiki nzima walipiga chafya wakipita nje.

Kile kidude cha darini kilipotolewa baada ya majira ya mvua, nacho kilionyesha hewa njema.

Asubuhi moja Kitonga alikuja, amemshika binti yake Mwende mkono. Hakusema kwa nini amerudi, na Wanjira hakumuuliza, ingawa lilikuwa swali zuri. Mwende alikimbia ndani kwa wenzake. Kitonga alibaki nje. Alilitazama bomba kutoka chini hadi juu. Alilisogelea, akaweka kiganja juu yake, akasikia linavyotetemeka.

"Inafanya kazi usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Na zamani palikuwa mia tano na kitu."

"Ndiyo. Sasa ni chini ya mia."

Kitonga alikuna shingo. "Mwalimu, pale Waithaka tunakaa nyumba ya chini kabisa ya ploti. Nyuma yetu ni udongo mtupu. Dirisha nililipigilia misumari juu ya wezi. Tunalala humo watu watano." Akalitazama tena bomba. "Hicho kipimo chenu, kinaweza kupima hata nyumba ya kukodi?"

"Kwani mapafu ya mpangaji ni ya kukodi?" Wanjira alisema. "Leo ukifika nyumbani, ng'oa kwanza hiyo misumari. Weka vyuma dirishani, mwizi asiingie na hewa iingie. Hayo mengine tutajua tukipima."

Kisha akapanda ngazi mbili mbili, akasimama kando ya ukuta, akaita kwa sauti iliyowafanya watoto wote wachungulie mlangoni.

"Peres! Bado uko na vikopo?"